Kabla Hajaingia, Anavua Miwani

Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana juu ya jambo moja: hakuna shule ya udereva iliyofundisha kuegesha gari mbele ya duka la miwani kwa bidii kama shule ya Mwalimu. Wanafunzi wake walikuja asubuhi, wakaegesha mbele ya duka la miwani. Walikuja mchana, wakaegesha mbele ya duka la miwani. Siku ya mtihani, wakiambiwa waegeshe mbele ya posta, walitokwa jasho kama watu walioombwa kurusha ndege.

Sababu ya elimu hii ya aina moja ilikuwa ndani ya duka, imeketi kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, imeshika rula. Alikuwa mke wake.

Mwalimu alimwita Mboni tangu siku za uchumba, akimwapia kwamba yeye ndiye mboni ya jicho lake, na jina likashika hata kwa watu ambao hawakuwa na mpango wowote wa kumpenda. Kazi yake ilikuwa kupima nyuso. Mteja huketi mbele yake, magoti karibu yagusane, naye humwekea rula juu ya pua na kumwambia kwa upole, "Tazama jicho langu la kushoto. Usihame. Haya, sasa la kulia." Ndivyo unavyopatikana umbali kati ya jicho na jicho, na bila umbali huo hata lenzi ya bei kali humtia mtu kizunguzungu. Hakuna namna ya kuifanya kazi hiyo ukiwa umetazama ukutani. Mwalimu alikuwa amependekeza ukuta.

"Shemeji huyo kapita tena," alisema Skrubu bila kuinua kichwa.

Skrubu alikuwa fundi wa fremu, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiochoka, na bisibisi ndogo ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake mchana kutwa kama pambo.

"Achana naye," Mboni akajibu.

"Mimi nimwache? Yeye ndiye hatuachi. Leo mwanafunzi ni yule mama wa kilemba cha kijani. Maskini, ametazama nyuma mpaka shingo imegoma kurudi."

"Ana wivu tu. Ananipenda."

"Wivu," Skrubu alirudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Hata wangu ana wivu. Akiona nimecheka na muuza matunda, ananuna, anakula, analala, asubuhi amesahau. Wako anakuja na gari."

Mboni akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado unauma.

Hapo wakaingia watu wawili ambao ilikuwa dhahiri wameoana juzijuzi, kwa sababu walipita mlangoni kwa pamoja na mlango haukuwa na upana huo. Binti alitaka miwani mipya. Kijana alitaka kuwa popote binti alipo. Mboni alimketisha mteja wake, akamwekea rula, na kila alipomwambia atazame jicho la kushoto, macho ya binti yalipaa juu ya bega lake kwenda kwenye kioo, ambako yule kijana alikuwa anamkonyeza.

"Dada, tulia. Nikikosea hapa utakuwa unaona ngazi mahali ambapo hakuna ngazi."

"Samahani, dada. Ni huyu."

"Mimi nimesimama tu!" kijana akalia, mikono juu kama aliyekamatwa.

Wakacheka wote wawili. Mboni akachomwa na kitu chini ya mbavu. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, akashusha fremu nyeusi, nene, yenye pembe.

"Hii ndiyo yako," alisema. "Imekukaa vizuri sana."

Skrubu alikohoa kikohozi cha mtu mwenye ushahidi.

Binti, ambaye hakuona vizuri bila miwani na kwa hiyo hakuwa na namna ya kujitetea, akashukuru. Akapapasa mezani kutafuta ile ya zamani. Kijana akaiwahi. Akaipulizia pumzi lenzi moja, akaipulizia na ya pili, akaifuta kwa upindo wa shati lake, akaiinua juu kwenye mwanga, akafuta tena mahali palipobaki alama ya kidole. Kisha akanyoosha mikono yake miwili kuelekea uso wa mkewe.

Yule binti akafumba macho. Akatoa kidevu mbele. Akangoja.

Basi. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Miwani ikakaa masikioni, macho yakafumbuka, wakaangaliana kama watu waliokutana kituoni baada ya safari ndefu. Lakini Mboni alishika ukingo wa meza. Ulikuwa wivu. Hakumtaka yule kijana. Masikio yake yalikuwa makubwa na alichekea puani. Alichokitamani kilikuwa cha yule binti: kope zake, zile zilizofumba bila kuuliza mikono ile inakuja kufanya nini.

Walikuwa wamekwisha kufika mlangoni alipowaita.

"Ngojeni. Fremu ile si yako, dada. Nimekosea." Akashusha nyingine, nyembamba, ya rangi ya asali. "Hii. Ile ingekufanya ufanane na shangazi anayedai kodi ya nyumba."

Kijana alifurahi, akamshika Mboni mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anayechota maji kwa pampu. Nje, gari la mafunzo lilifunga breki ghafla katikati ya barabara. Mama wa kilemba cha kijani alikuwa bado anakanyaga mafuta kwa mguu wake. Breki haikuwa yake. Magari hayo, kama ijulikanavyo, yana breki ya pili upande wa mwalimu.

"Ameona," Skrubu alisema.

"Alikuja na mkewe."

"Najua. Umwambie hivyo, halafu uniambie alivyokujibu." Skrubu aliivuta meza yake karibu. "Na wewe, bibi, ulikuwa na wivu. Umetaka kumvisha mtoto wa watu fremu ya hakimu mstaafu."

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Sijui. Lete miwani yako, imekaa upande."

Mboni akaivua, akampa. Skrubu alichomoa bisibisi nywelani, akakaza, akapinda kidogo, akaipima kwa jicho moja. Kazi ilimchukua muda mfupi. Mikono yake ilikuwa imeizoea fremu hiyo.

"Hii yako inapinda kushoto tu," alisema taratibu. "Ulisema ni mlango wa kabati. Kabati gani hilo, Mboni, lenye kuchagua shavu?"

Skrubu akaipulizia lenzi, akaifuta kwa kitambaa, akanyoosha mikono ili amvishe, kama alivyowavisha wateja maelfu.

Kichwa cha Mboni kiliruka nyuma. Kiti chenye magurudumu kikakimbia naye mpaka kwenye rafu, na fremu za watoto, zile za rangirangi, zikamwagikia mapajani mwake.

Skrubu alibaki na miwani hewani. Akainama, akaanza kuokota.

*

Kikao cha familia kilikuwa alasiri ya siku ileile, sebuleni kwa Mama yake Mboni, na mwenyekiti alikuwa Mjomba. Mjomba alistaafu ukarani wa mahakama, lakini mahakama haikustaafu ndani yake. Hata chai aliikoroga kama anayetuliza ukumbi.

"Kikao kimefunguliwa," alisema. "Waliohudhuria ni mimi, dada yangu, na mpwa wangu. Bwana mkubwa yuko njiani, anamaliza na mwanafunzi. Ajenda ni moja. Nimeongea na mshauri wa ndoa, mama mmoja msomi sana, ofisi yake ina zulia. Amewapangia Jumamosi asubuhi. Mnakaa wawili mbele yake, kila mmoja anatoa la moyoni. Mumeo nimempigia. Unajua alisemaje?"

"Alikubali," Mboni alisema.

"Alikubali papo hapo! 'Mjomba, hata kesho.' Kwa unyenyekevu kabisa."

"Umesikia?" Mama akadakia. Mama alikuwa kwenye kochi lake, miwani aliyotengenezewa na bintiye imeshuka puani. "Wanaume wangapi wanakubali kwenda kukaa mbele ya mtu na kuulizwa maswali? Mume wa jirani hapa hata daktari wa meno anamkimbia. Wako anakubali, halafu wewe umevuta mdomo."

"Sijavuta mdomo, Mama. Umevimba."

Chai ya Mjomba ilisimama kukorogwa.

"Kabati?" Mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa inaomba jibu liwe ndiyo.

"Hapana."

"Basi hayo ndiyo ya kumwambia mshauri," Mjomba alisema upesi. "Ndiyo kazi yake. Ugomvi wa watu wawili unataka mtu wa tatu."

"Mjomba, mimi sijagombana na mtu. Mimi napigwa."

Neno lile lilikuwa dogo tu, lakini lilikaa katikati ya sebule na hakuna aliyejua alizunguke vipi.

"Mwanangu," Mama alisema, "sisemi ni sawa. Nasema yule ana wivu kwa sababu ana mapenzi. Mtu asiyekupenda hashindi akizunguka duka lako. Mkipata mtu wa kuwaongoza..."

"Tulishampata. Mnakumbuka tulivyokwenda kwa kaka yake mkubwa?"

"Nakumbuka. Mlirudi mmepatana. Alinipigia yeye mwenyewe."

"Kule kwa kaka yake niliulizwa, nikasema. Nilisema yote, tena kwa heshima. Yeye aliketi kando yangu anaitikia kwa kichwa, 'kweli, nimekosa, kweli.' Kaka yake akatushikanisha mikono. Tukatoka." Mboni alitazama vidole vyake. "Njiani akasema, hebu leo endesha wewe, ufanye mazoezi ya leseni. Akaniambia hakuna haja ya mkanda, ni hapa karibu. Nikashika usukani. Tulipofika kwenye barabara tupu akaanza kunirudishia maneno yangu. Yaani sentensi zangu, kama nilivyozisema kule. 'Ananifungia mlango.' Akakanyaga breki ya upande wake. 'Anapekua simu yangu.' Breki. 'Namwogopa.' Breki. Kila sentensi, breki moja, na mimi uso kwenye usukani. Alikuwa hajasahau hata neno. Ana akili sana yule, Mjomba. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa nimejua ni maneno mangapi mtu anaweza kusema kwenye kikao."

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika waziwazi.

"Sasa huyo mama wa zulia," Mboni aliendelea, "Jumamosi ataniuliza la moyoni. Nikidanganya, kikao hakina maana. Nikisema kweli, yeye atatusindikiza mpaka mlangoni, atatutakia heri. Nani ataingia na mimi kwenye gari?"

Mjomba aliweka kijiko cha chai mezani.

"Kwa hiyo unataka kuondoka, mwanangu?" Mama alinong'ona. "Watu watasema umemwacha mwanamume aliyekuwa tayari kujirekebisha. Watasema una mwingine."

"Yeye anasema hivyo kila siku, na mimi bado niko hapa peke yangu."

Hapo gari likasikika uani. Ngurumo yake waliijua wote.

Mama alikuwa anamtazama bintiye machoni, ndiyo maana aliona. Mkono wa Mboni ulipanda wenyewe, ukavua miwani, ukaikunja, ukafungua mkoba, ukaitia kwenye kasha, ukabana kasha, tak. Mboni mwenyewe alikuwa anasikiliza mlango wa gari. Hakujua mkono wake umefanya nini.

"Mbona umevua?" Mama aliuliza.

"Nimevua nini?"

"Miwani."

Mboni akajigusa usoni, akakuta hakuna kitu.

"Ikivunjika inachukua muda kupata lenzi," alisema, kwa sauti ya kazini kabisa. "Za kwangu ni nzito."

Mama alishusha kikombe, na kikombe kilikosa kisahani. "Kila akija kukuchukua hapa, unavua. Tangu mmeoana. Mimi nilidhani unajipamba." Alijiziba mdomo kwa vidole, maneno yakapita katikati yake. "Nilikuwa nawaringia wenzangu. Nawaambia, mwanangu mpaka leo akisikia gari la mumewe anavua miwani apendeze. Niliwahi hata kukuonea wivu, mwanangu. Baba yako sikuwahi kumvulia chochote kwa furaha hiyo."

Mwalimu aliingia na mfuko wa machungwa na tabasamu lililonyooshwa kwa pasi.

"Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Naona kikao kimepamba moto, chai imepoa!" Akaweka machungwa mezani, akaketi kwenye mkono wa kiti cha Mboni, akaweka kiganja juu ya shingo yake. "Mboni wangu. Nimeambiwa Jumamosi. Mimi niko tayari kubadilika. Tatizo letu ni mawasiliano tu."

Hakuna aliyeitikia. Mwalimu alizoea watu waitikie, na ukimya ulimwasha.

"Au kuna jingine?" Alicheka kidogo. "Yule wa asubuhi labda? Yule wa mikono miwili?"

"Alikuja na mkewe," Mboni alisema.

"Mkewe alikuwa anatazama miwani. Wewe ulikuwa unamtazama yeye. Nimeona kwa macho yangu kutoka barabarani."

"Ondoa mkono, tafadhali."

"Mboni, mbele ya wazee..."

"Ondoa mkono."

Aliuondoa, maana wazee walikuwa wanatazama. Mboni akafungua mkoba. Akatoa kasha, akalifungua, akavaa miwani yake mwenyewe kwa mikono miwili, akaisukuma juu ya pua. Akamgeukia. Alikuwa amepima macho ya mtaa mzima, na hakuwahi kumtazama mtu huyu kwa ukaribu huo akiwa anaona vizuri. Alikuwa mtu wa kawaida tu. Jicho lake la kushoto lilikuwa karibu na pua kuliko la kulia.

"Siendi kwa mshauri," alisema. "Na sirudi nyumbani. Nakuacha."

"Kuna mwanamume." Sauti ilikuwa imepoteza pasi yote. "Nilijua! Mtaje."

"Hakuna mwanamume. Kuna mwanamke mmoja namwonea wivu. Hata ningekueleza usingeelewa."

Mkono wa Mwalimu uliinuka. Huenda ulikuwa unakwenda kunyoosha kola. Yeye mwenyewe baadaye aliapa hivyo. Lakini kichwa cha Mboni kiliruka nyuma, na kichwa cha Mama, aliyekuwa mbali kwenye kochi lake, nacho kiliruka, na machungwa yakabingirika sakafuni, na kila mtu sebuleni akawa ameona alichokiona.

Mjomba alisimama. Hakuwa mrefu, lakini alisimama katikati yao wawili, akatoa simu mfukoni.

"Haloo, mama mshauri? Ni mimi wa ile Jumamosi. Nafuta... Ndiyo, wote wawili... Hapana mama, hawajapatana. Ndiyo sababu nafuta... Nawe pia, asante." Akairudisha simu. "Bwana, kikao kimefungwa. Nakusindikiza. Kesho mimi na mpwa wangu tutaanzia polisi, kisha kwa wakili ninayemfahamu. Vitu vyake tutakuja kuvichukua tukiwa wengi. Usije hapa, wala dukani."

"Mjomba, hujanisikiliza upande wangu!"

"Upande wako nimeuona kwenye kasha la miwani."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta kanyagio la upande wake. Hakulipata. Akatoka. Na ikumbukwe na vizazi vijavyo kwamba mwalimu huyu wa udereva, alipokuwa akirudi nyuma kutoka uani kwa mama mkwe wake, ambako hapakuwa na duka la miwani, aligonga chungu cha maua, akagonga na cha pili.

Gari likapotea. Mjomba alibaki nje akikusanya vigae, akiongea peke yake kwa lugha ambayo mahakamani ingemgharimu kazi.

Ndani, Mboni alilia, miwani ikiwa usoni, mpaka lenzi zikawa ukungu mtupu.

"Lete," Mama alisema, akapiga magoti mbele ya kiti. Akamvua taratibu. Akaipulizia lenzi moja, akaipulizia na ya pili, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama ya kidole, akafuta tena. Kisha akanyoosha mikono yake miwili.

Kichwa cha Mboni kikaruka nyuma.

Mama hakuisogeza mikono mbele, wala hakuirudisha. Aliiacha palepale hewani, imeishika miwani kwa ncha zake mbili.

"Usijilazimishe," alisema. "Mimi nipo. Nangoja."

Mikono ya Mama ilianza kuchoka. Ilionekana kwenye viwiko. Hakuishusha. Mjomba aliingia na vigae, akaona, akatoka tena kwa vidole vya miguu.

Mboni aliitazama ile mikono kwa muda. Halafu akafumba macho, akatoa kidevu mbele.